Kasri la Tetere wa Pak Suwignyo

Jumatatu, 4 Agosti
Pak Suwignyo, baba wa Danang, kijana anayemtaka binti yangu Ratih aliye nesi, ametuletea tetere wake mpendwa, njiwa mdogo wa kuimba. Akae kwetu mpaka Jumapili watakapokuja kuposa. Ndege akiimba hapa, alisema, atajua nyumba ina utulivu, na posa itakamilika siku hiyo hiyo. Mume wangu akamtundika na tundu lake juu ya mlingoti uani, akarudi kwenye chai yake. Tundu dogo vile! Nyumbani kwa mama wa nesi! Ratih alikuwa wa pili darasani, na yule wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu. Nitajenga nyumba ya ndege ya kuingia mtu mzima.

Jumanne, 5 Agosti
Nimechora ramani mwenyewe, nyuma ya kalenda. Mianzi, wavu wa kuku, paa la vigae. Mume wangu akasema tetere huimba akiwa peke yake, juu, kwenye jua la asubuhi. Nikamwambia mtu aliyeshindwa kutundika pazia asinifundishe ujenzi. Bu Tarmi, mama jirani mwenye nyumba ya ghorofa, akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama najenga choo.

Jumatano, 6 Agosti
Choo kimekwisha. Kasri, namaanisha! Tetere kaingia, akaonekana kama punje ya mchele kwenye sinia. Aibu. Nikakimbia soko la ndege, nikamletea tetere wenzake wanane. Sasa kumechangamka.

Alhamisi, 7 Agosti
Haimbi. Hakuna anayeimba. Wanapigana tu, manyoya yanaruka. Mume wangu akauliza kwa upole, yupi ni wa Pak Suwignyo. Nikacheka. Nikaangalia. Nikaacha kucheka. Wote kijivu, wote mistari, na wake hana hata pete mguuni. Ee Mungu.

Ijumaa, 8 Agosti
Mpango: atakayeimba ndiye. Nimekaa kwenye kigoda tangu alfajiri nikialisha vidole, ta, ta, kuwachokoza waimbe, kama wafanyavyo wazee wafuga ndege. Kimya. Bu Tarmi akauliza kama paka wangu amepotea. Ratih akarudi kutoka zamu, akaketi kando yangu na sare yake.
“Mama, nampenda Danang. Nakuomba, usiongeze kitu.”
Nililia kidogo. Mtoto ana adabu huyu! Kisha nikaongeza kioo, ndege wajione.

Jumamosi, 9 Agosti
Wanapigana na kioo. Nimewahesabu: wanane. Kwenye kona niliyoifunga kwa kamba ya plastiki kuna pengo la kupita ngumi. Mmoja ametoka. Lazima ni wa sokoni. Wa sokoni walikuwa wanane, wake mmoja. Bahati iko upande wangu. Nimeziba pengo kwa kanga kuukuu.

Jumapili, 10 Agosti
Wamekuja na batiki zao nzuri na sinia za vitumbua na ndizi. Pak Suwignyo akasimama mbele ya kasri, akaalisha vidole mara moja. Wanane wakamtazama. Kisha ikaja sauti, nzito, tamu, ya kutuliza moyo. Kutoka kwenye antena ya Bu Tarmi.
“Bu Karso,” akaniambia taratibu, “huyo ameshachagua nyumba.”
Akaomba tuahirishe, bila kutaja siku. Bu Tarmi akawakaribisha kwake wamsubiri ndege ashuke. Wakaenda! Na sinia zao! Bu Tarmi ana mabinti wawili, hawajaolewa. Danang peke yake alibaki, akaketi ngazini na Ratih. Hakuondoka mpaka baba yake alipomwita mara ya tatu.

Jumatatu, 11 Agosti
Tetere anaimba kwa Bu Tarmi tangu kulipopambazuka. Ratih hanisemeshi. Mume wangu anataka kubomoa kasri, arudishe tundu mlingotini, tukae kimya, huenda ndege akarudi mwenyewe na wageni nao wakarudi. Mawazo ya mtu wa chai! Mimi nimelitazama jambo hili kwa makini. Kasri halina kosa. Kosa ni la ndege: mdogo mno, anapita popote. Nimempigia simu yule muuzaji wa sokoni. Ana tausi dume. Itabidi paa liinuke kidogo.