Siwema Hakupaswa Kumkataa Danieli

Kikundi cha Wasomaji Chanzuru,
Kilosa.
11 Septemba 2025

YAH: MWISHO WA FILAMU YA "MKONGE NA ASALI" ULIOTANGAZWA KWENYE UKURASA WAKO

Ndugu Mhariri,

Natumaini u mzima na gazeti linatoka salama. Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Naitwa Octavian, mstaafu wa reli na mwenyekiti wa kikundi cha watu sita wanaosoma ukurasa wako wa "Rafu ya Jumamosi" bila kukosa, ingawa Jumamosi yako hutufikia Jumatatu. Kwa miaka miwili hukuwahi kutukosea. Ulipoandika kwamba riwaya fulani ni chapwa, hatukuisoma, na kwa kweli hatukuwa nayo. Nayataja haya ili ujue kwamba anayelalamika ni rafiki.

Wiki iliyopita mhakiki wako, anayejiita Mwenye Miwani, alituletea habari za filamu mpya iliyotokana na riwaya ya "Mkonge na Asali". Katika aya ya kwanza, hata hodi hajapiga, akatuambia kwamba mwishoni Siwema anamkataa Danieli na kupanda basi peke yake. Tangu siku hiyo sijala nikashiba. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mwenye Miwani amefichua mwisho wa kitabu, na huku kwetu kosa hilo lina adhabu.

Nikueleze tunavyosoma. Kikundi kina nakala moja tu ya "Mkonge na Asali". Katibu wetu, Mwalimu Marselina, aliikata kwa wembe vipande sita, akashona kila kipande kwa uzi wa katani na kukivika jalada la karatasi ya mfuko wa saruji. Kila mtu huondoka na kipande chake, na Jumapili, Wakatoliki na Waanglikana tukishatoka makanisani mwetu, tunakutana kubadilishana. Yeyote anayepewa kipande anakisoma, hata kama ni cha nne naye hajaona cha kwanza. Mzee Hezekia alimlilia mama yake Danieli aliyefariki katika sehemu ya nne. Wiki iliyofuata akapewa sehemu ya pili, akamkuta mama huyo yu hai anakaanga maandazi, akamshukuru Mungu kwa sauti. Mambo hayo yanataka uaminifu. Kwa hiyo kanuni yetu inasema kwamba anayemtajia mwenzake yaliyo mbele ataleta kilo moja ya sukari kwa ajili ya chai ya kikundi. Mwenye Miwani aje na yake.

2. Mhakiki hakufikiri mwisho huo utamfikia nani.

Danieli, kwa wasiomjua, ni karani wa shamba la mkonge. Alimwacha mchumba wake Siwema, akaenda kutafuta kazi mbali, akakawia, halafu akarudi. Ndiyo hadithi yenyewe. Sasa, Mhariri, kukawia si kuua. Mimi mwenyewe niliondoka Kilosa mwaka 1993 kwenda kazi ya reli Tabora, nikamwambia Marselina, wakati huo hajawa mwalimu, kwamba ningerudi baada ya wiki mbili. Wiki zikazaana. Hata hivyo sikumtupa, nilimwandikia barua mbili, na ya pili ilimwomba anichukulie parokiani cheti changu cha ubatizo, kwani kule Tabora kanisa lilikuwa linakidai kwa shughuli fulani. Alikituma. Hakuandika neno.

Nilirudi mwaka juzi nikiwa mgane. Nikamkuta yeye ni mjane, na anacheka vilevile. Mwezi wa saba, wiki ileile tuliyoanza kitabu, nilimtuma Mzee Hezekia awe mshenga wangu. Mwalimu alimwamkia, akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee wangu, mwambie Octavian nitamjibu siku nitakayomaliza sehemu ya sita. Nataka kwanza nione Siwema alimfanyaje mwenzake."

Umeona sasa? Mwenye Miwani hakuandika uhakiki. Amenikatalia posa, tena kwenye gazeti.

3. Filamu yenyewe haiaminiki.

Mpwa wangu Loveth anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni pale Mikumi walikofikia watengenezaji wa filamu. Anasema Danieli wao anamposa Siwema mbele ya twiga, na kwamba watu wazima zaidi ya ishirini walikaa juani kwa saa tatu wakingoja twiga ageuze uso. Kitabuni Danieli anaposa kwenye mizani ya kupimia katani. Hakuna twiga. Hakuna tembo, ingawa kwenye filamu wapo watatu. Mnyama pekee katika sura hiyo ni mbuzi, naye anapita njia.

Danieli mwenyewe wamempa kijana mwenye hereni. Mtu kama huyo hata mimi ningemkataa. Danieli wa kweli ni mtu wa makamo, mpole, mwenye kipara kilichoanza kwa adabu, na suruali yake imepigwa pasi. Ni kweli kwamba kitabu hakitaji kipara wala pasi, lakini anayesoma kwa moyo mkunjufu anaviona.

Zaidi ya hayo, Loveth alinipigia simu akisema: "Shikamoo anko. Kile kipande cha basi wamekirudia mara tatu, na mara ya pili yule dada kacheka, kashuka mwenyewe!" Kwa hiyo, Mhariri, upo mwisho mwingine ambao Siwema anashuka kwenye basi. Wameuficha, na mhakiki wako hakuuliza.

4. Madhara yameanza kuonekana.

Jumanne Evarist, mwanakikundi mwenzetu, alichelewa kurudi kutoka Kisanga kwa sababu ya pancha ya baiskeli. Mkewe Selestina, naye mwanakikundi, alikwishasoma ukurasa wako. Akachukua mkoba, akaenda kukaa kituoni kungoja basi la Mikumi kama Siwema. Basi halikupita, akarudi akapika. Lakini je, lingepita? Leo ni pancha, kesho ni chumvi imezidi, na wilaya nzima ya Kilosa wanawake watakuwa barabarani. Mazao yatavunwa na nani? Watoto wataamshwa na nani kwenda shule? Mhakiki mmoja, kwa aya moja, anaweza kuufanya mkoa huu ukose chakula.

5. Watu wameanza kuniangalia vibaya kuhusu sehemu ya sita.

Ndiyo, sehemu ya sita iko kwangu. Katibu alinikabidhi siku ya kwanza kabisa, na imekaa nami Jumapili saba. Kila Jumapili ina maelezo. Ya kwanza niliisahau nyumbani. Ya pili kulikuwa na dalili ya mvua, na ingawa najua huu ni msimu wa kiangazi, wingu nililiona kwa macho yangu. Ya tatu nilikuwa msibani Zombo. Ya nne nilihisi mchwa, nikaitenga ili isiambukize zile nyingine. Ya tano na ya sita ni mambo ya afya. Ya saba nilifika nayo mpaka mlangoni, nikarudi nayo. Abeli, ambaye ndiye mdogo kikundini na hana breki, aliuliza mbele ya watu kama mwenyekiti anaikariri.  Mwalimu Marselina yeye ananimiminia chai na kuniangalia, na hilo ndilo linaloniumiza.

Napenda kukuhakikishia, kama mtu mwenye sehemu hiyo mikononi, kwamba filamu imepotosha kitabu. Kitabuni Siwema anamkubali Danieli. Wanafunga ndoa, watu wanakula wali, na basi linaondoka tupu.

Kutokana na hayo naomba, kwa heshima zote:

(a) Utoe masahihisho ukurasa wa mbele.

(b) Ukishindwa, uchape nakala moja tu yenye masahihisho, iletwe Chanzuru. Nyingine ziendelee na uongo wao.

(c) Uwaandikie wenye filamu watumie ile mara ya pili, ya kucheka na kushuka.

(d) Yote yakishindikana, uifikishe kwa wahusika hoja kwamba riwaya yoyote yenye mkonge ndani yake isiruhusiwe kumpandisha mwanamke basi kabla mwanamume hajapewa kurasa zisizopungua ishirini za kujieleza.

Sina fitina na mtu. Nina miaka hamsini na tisa, na nyumba yangu ina viti viwili, kimoja hakijawahi kukaliwa tangu nihamie. Sina mengi ya kuomba gazetini.

Wasalimie wapiga chapa wote, msambazaji anayetufikishia gazeti japo Jumatatu, na familia yako. Msalimie hata Mwenye Miwani. Mwambie akapime macho.

Wako katika kusoma na kungoja,
Octavian,
Mwenyekiti.

N.B. Katiba yetu inataka barua yoyote inayotoka kwa jina la kikundi isomwe na katibu na kugongwa muhuri. Nilitafuta njia ya kuupata muhuri bila kumsumbua, lakini unalala ndani ya mkoba wake. Nimekaa na barua hii siku mbili. Leo nampelekea, na kwa kuwa nampelekea barua, nampelekea na sehemu ya sita. Ukurasa wa 214 nimeusoma mara kumi na moja, nikidhani labda utabadilika. Mwenye Miwani hakukosea. Siwema anapanda basi. Hakuna wali.

NYONGEZA YA KATIBU

Ndugu Mhariri,

Barua nimeisoma, nimesahihisha herufi kubwa mbili, nimegonga muhuri. Tafadhali itoe yote bila kupunguza.

Mwenyekiti hajui kwamba kitabu kile ni changu. Nilikinunua mwaka ule ilipofika barua ya cheti cha ubatizo, cheti alichofungia ndoa na mwingine, nikakisoma mpaka mwisho mara tatu mwaka huohuo. Kwa hiyo ukurasa wa 214 naujua kuliko yeye. Sehemu ya sita nilimpa yeye kwanza kwa makusudi, nione kama ataniletea mwenyewe habari mbaya. Zimepita Jumapili saba, ambazo kwake si nyingi.

Siwema alimkataa Danieli kwa sababu hata aliporudi, kila neno lake lilisemwa na mtu mwingine. Huyu wa kwangu leo asubuhi amekuja bila mshenga, shati limepigwa pasi mpaka kola. Ameweka kile kipande mezani, barua juu yake, akasema: "Mwalimu, nilikuficha. Mwisho wake mbaya." Halafu akasema: "Na ile barua ya Tabora nayo ilikuwa mbaya." Nimeingoja sentensi hiyo ya pili miaka zaidi ya thelathini. Nililia, sitaki kuficha, kisha nikamwambia chai inapoa.

Filamu ibaki kama ilivyo. Siwema alifanya vizuri kupanda basi lake. Mimi langu silipandi.

Mwambie Mwenye Miwani yeye anadaiwa kilo moja ya sukari. Mwenyekiti anadaiwa nyingine, maana ametaja mwisho wa kitabu kwenye barua hii wakati wenzetu wanne hawajafika sehemu ya sita, na mimi nimeurudia hapa, kwa hiyo nina yangu. Mwenyekiti ya kwake aje nayo Jumapili hii atakapokuja na Mzee Hezekia kwa utaratibu, baada ya misa. Asije na twiga. Hiyo sukari tutaihitaji, kwa sababu nimeshaalika watu.

Marselina,
Katibu.
13 Septemba 2025