Mchumba wa Robo Kilo

Jumapili, 3 Novemba

Kahawa imepanda tena. Tena! Dukani kwa Ami Tahar, mkaanga kahawa wa mtaa wetu, bei mpya imeandikwa kwa chaki juu ya bei ya juzi, ambayo hata haijafutika vizuri. Mzee mmoja mbele yangu akauliza kulikoni. Ushuru wa forodha, akajibiwa. Mzee akasema ushuru ulikuwepo tangu zamani. Ami Tahar akachota buni kwa kijiko chake cha bati, akazimwaga taratibu, akieleza kama mwalimu wa chekechea: ushuru ni asilimia, haji. Buni zikipanda bei huko zinakotoka, ushuru nao unapanda bandarini, maana unahesabiwa juu ya bei. Tunapigwa mara mbili kwa fimbo moja. "Halafu mimi ndiye wa mwisho kwenye foleni, na matusi yote nayapokea mimi."

Mzee akauliza ushuru huo unamlinda nani. Yuko wapi mkulima wa kahawa hapa Constantine, ambako Januari tunafukua theluji mlangoni? Duka zima likacheka, kisha kila mmoja akanunua pungufu ya alichokuja kununua. Mzee alichukua ile kahawa chungu ya bei rahisi. Mwanamke mmoja alichukua pakiti ndogo kama ya hamira. Mimi nilichukua robo badala ya kilo.

Nilikuwa na la kusema. Nilikuwa na mengi! Sikusema. Nina miaka kumi na sita na bado nikiitwa jina darasani nageuka nyanya.

Nyumbani Mama akatoa amri: kahawa ni ya asubuhi tu. Kahawa ya alasiri imefutwa.

Lakini kahawa ya alasiri ni ya Bibi! Tangu kabla sijazaliwa wanawake wa jengo hili hushuka saa kumi kuja kunywa kwake. Leo wakapewa mchemsho wa majani. Bi Aljia wa ghorofa ya nne akanusa kikombe, akauliza nani mgonjwa. Kisha akawaambia wote, kesho njooni kwangu, mwanangu ameniletea kahawa sandukuni kutoka Marseille. Wakaenda naye hapo hapo, hawakungoja kesho.

Bibi akavua kitambaa chake cha hariri. Akafuta wanja. Akasema kama hakuna anayekuja, heri akaishi kwa Mjomba Nadir, mjini Annaba. Akampigia simu. Mjomba anakuja kumchukua Ijumaa.

Bibi analala chumba kimoja na mimi. Ndiye mtu pekee ninayezungumza naye bila kwanza kuyapanga maneno kichwani. Sasa sanduku lake liko wazi kitandani.

Haendi. Naapa haendi.

Jumatatu, 4 Novemba

Nimepata dawa. Dengu!

Bibi mwenyewe aliwahi kunisimulia kwamba enzi za vita walikaanga dengu, wakazisaga, wakachanganya na kahawa kidogo iliyopatikana. Dengu hazina ushuru wa kunitisha. Tunazo gunia zima kwa ajili ya Ramadhani.

Nilizikaanga Mama akiwa kazini. Moshi! Jirani wa chini aligonga bomba akiuliza kama tunaungua. Nilisaga, nikachukua nusu ya kahawa ya Mama kwenye kopo, nikachanganya. Pengo la kwenye kopo nikalijaza dengu tupu, nikalisawazisha kwa mgongo wa kijiko. Kazi safi.

Nikachemsha, nikaonja. Ufagio uliochomwa.

Sikukata tamaa. Kahawa ya kwetu hutiwa matone mawili matatu ya maji ya maua ya machungwa. Nikatia matone. Bado ufagio. Nikatia kijiko. Nikatia kikombe. Ikawa ufagio wa bibi harusi, lakini ilinywewa.

Kesho.

Jumanne, 5 Novemba

Sitatoka tena nje ya nyumba hii. Nitamaliza shule kwa barua.

Tatizo lilikuwa kuwaalika. Kugonga milango minane na kuzungumza na wanawake wanane? Mimi? Nikaona afadhali kahawa ijialike yenyewe. Bibi alikuwa amejilaza. Nikaweka birika kubwa karibu na mlango, nikafungua mlango wazi, nikamimina humo nusu ya chupa ya maji ya maua. Harufu ikapanda ngazi kama mtu aliyetumwa.

Wakaja. Wote! Mbio! Nikasikia vigelegele tangu ghorofa ya pili, nikadhani kuna sherehe kwa watu wengine.

Nililijua jambo hili. Mtoto wa miaka mitano analijua! Maji ya maua yakinukia namna hiyo alasiri, mlango ukiwa wazi na jikoni kumekaangwa kitu, maana yake ni moja tu: nyumba hiyo imepokea posa na imeikubali.

Na nyumba hii ina msichana mmoja.

Bi Aljia akanibusu mara nne, akaniita bibi harusi mdogo. Nyuma yake Selsabil, mjukuu wake, ambaye kwa bahati yangu mbaya ninakaa naye dawati moja. Akauliza kwa sauti ya sukari, "Haya shoga, ni nani huyo? Au ni bubu mwenzako?" Nilitaka kusema hakuna mtu. Ulimi ukagoma. Nikawa mwekundu. Wakauona wekundu, wakapiga vigelegele upya.

Bibi akatoka chumbani, nywele hazijafungwa, akaambiwa mjukuu wake amechumbiwa. Akanitazama. Akatazama birika. Akaelewa yote, maana huwa anaelewa yote. Lakini hakuniumbua.

Kisha wakanywa.

Dengu zilikuwa zimetuama chini ya vikombe kama uji. Bi Aljia akasimamisha kijiko katikati ya kikombe. Kikasimama! "Binti yangu," akasema, "hii inanywewa au inaliwa? Nataka kujua kama niombe bizari."

Bibi akaonja kidogo tu. Akaweka kikombe chini, akarudi chumbani. Nikasikia kabati likifunguliwa. Anakunja nguo.

Mama aliporudi alipongezwa ngazini mara tano kabla hajafika mlangoni. Akakataa katakata. Hakuna aliyemwamini. Mama yeyote hukataa mwanzoni, akiogopa kijicho.

Kisha akafungua kopo la kahawa.

Hayo aliyoyasema siyaandiki. Kwa kawaida hasira zangu huja kwa Kiarabu na aibu zangu kwa Kifaransa. Mama alinitukana kwa lugha zote mbili.

Jumatano, 6 Novemba

Darasa zima linajua. Selsabil amewaambia mchumba wangu ana miaka arobaini na duka la matairi. Duka la matairi! Kalitoa wapi?

Baada ya shule nilikwenda kwa Ami Tahar kumwomba robo kilo kwa mkopo. Nilikuwa nimeyapanga maneno vizuri sana njiani. Nikampisha mtu mmoja mbele yangu ili niyarudie tena. Nikampisha wa pili. Nikawapisha watu mpaka duka likabaki na mimi na paka. Ami Tahar akauliza, "Nikupe nini, binti?" Nikasema pilipili manga.

Pilipili manga! Tunayo nyumbani ya kutosha mpaka mwakani!

Namchukia Ami Tahar, watu wa forodha wote, meli, na aliyevumbua asilimia.

Alhamisi, 7 Novemba

Sanduku la Bibi limefungwa. Limekazwa kwa kamba.

Nimemwomba msamaha kwa ajili ya dengu. Akasema dengu hazikumuumiza, amekunywa mbaya zaidi wakati wa vita. Kilichomuumiza ni kwamba walipomaliza kucheka walipanda juu kwa Bi Aljia kunywa kahawa ya kweli, naye akabaki kuosha vikombe. "Mwenyeji bila wageni ni nini, Narjis? Ni mwanamke mwenye vikombe vingi."

Usiku alipolala nilivichukua viatu vyake vya safari, ndivyo pekee anavyoweza kutembelea mbali kwa sababu ya miguu yake. Nikavizika kwenye pipa la unga, chini kabisa.

Bila viatu, hakuna Annaba. Forodha wana mbinu zao, na mimi nina zangu.

Ijumaa, 8 Novemba

Mjomba Nadir alifika baada ya sala. Tukala kuskusi. Halafu viatu vikaanza kutafutwa. Mjomba chini ya kitanda, Mama kabatini, mimi nikitafuta kwa bidii kuliko wote, kwenye friji.

Mlango ukagongwa. Bi Aljia mbele, wanawake wote nyuma, Selsabil mwisho na uso wa kulazimishwa. Kila mmoja kashika kitu.

Nikakumbuka mila nyingine niliyoisahau. Aibu iliyoje! Nyumba yenye furaha haiingiwi mikono mitupu. Huletwa sukari na kahawa. Binamu yangu alipochumbiwa zilirundikana pakiti za kilo kilo mpaka dirishani. Hizi zetu zilikuwa za zama za ushuru. Mmoja kaleta robo. Mwingine pakiti iliyokwisha kufunguliwa, imekunjwa na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Bi Aljia alileta glasi ndogo ya chai imejaa kahawa, kaifunika kwa karatasi ya fedha.

"Msinitazame hivyo," akasema. "Kwa bei hii, hata furaha inapimwa kwa kijiko."

Mama akasema hapana, hatuwezi kupokea, kuna makosa. Wakasema mpokee, msijifanye. Mama akasema hapana. Wakasukuma. Mama akasukuma. Glasi ya Bi Aljia ikayumba, na hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe, mbele ya watu wote:

"Hakuna mchumba! Kuna dengu tu!"

Nikaendelea, maana nilikuwa sijui namna ya kunyamaza nikishaanza. Nikasema yote. Harufu, kopo, mlango. Nikasema Bibi anahama kwa sababu ya robo kilo ya kahawa, na kahawa ni ghali kwa sababu ya ushuru, na ushuru unalinda mashamba yasiyokuwepo, na Bi Aljia amewachukua wageni wa Bibi kwa kahawa ya sandukuni! Nilipiga kelele. Mimi!

Bi Aljia akanikazia macho. "Kwa hiyo nimeleta kahawa yangu ya mwisho ya Marseille kwa heshima ya dengu?"

Selsabil akasema, "Ya mwisho kweli. Tangu juzi kwetu tunakunywa mchemsho wa majani." Akafinywa hapo hapo.

Bibi akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akawaambia kila mtu achukue chake arudi nacho, hakuna lawama. Hakuna aliyesogea. Nani apande ngazi na zawadi iliyorudishwa, milango yote ikichungulia?

"Mimi siibebi glasi hii kama mwomba sadaka," Bi Aljia akamwambia Bibi. "Bahija, chemsha maji. Tuinywe hapa. Na kesho, mwenye kijiko chake cha kahawa aje nacho."

Bibi akafunga kitambaa cha hariri. Akapika mwenyewe. Matone mawili ya maji ya maua, akinitazama mimi tu alipokuwa akiyatia.

Kahawa! Jamani, kahawa!

Mjomba akachungulia na kuuliza kuhusu viatu, usiku unaingia. Nikaenda kwenye pipa, nikavileta. Vyeupe, kama vimetoka kwenye theluji. Bibi akavitazama. Akaniambia nivirudishe nilikovitoa.

Mjomba aliondoka peke yake. Tulimfungashia kuskusi.

Jumamosi, 9 Novemba

Leo wamekuja tena, kila mmoja na kijiko chake. Bibi ana wanja machoni. Sanduku limerudi juu ya kabati. Mama kaniadhibu: nimechekecha unga wote wa pipa, na dengu zilizosagwa nitazila mimi, mpaka ziishe.

Bibi amenisihi nikae chini niongee na watu, kwa kuwa jana niliongea na dunia haikuanguka. Nimemwitikia ndiyo.

Lakini nimepiga hesabu. Kijiko kwa kijiko, zawadi zile hazifiki mwisho wa mwezi. Halafu? Halafu Ami Tahar na chaki yake! Nyumba moja ikichumbiwa, jengo zima huleta kahawa. Na nyumba ya Bi Aljia nayo ina msichana mmoja. Mwenye mdomo mrefu. Anayependa matairi.

Jumatatu Bi Aljia huenda kwa daktari na Selsabil huwa na masomo ya ziada. Ngazi za ghorofa ya nne hazina mtu.

Chupa ya maji ya maua ya machungwa bado ina nusu.