Kosa Nililolikalia Mlali

Leo nimepatikana. Nimepatikana Mlali, mchana kweupe, mbele ya watu ninaotaka kuwaita wakwe. Nawasimulia mwenyewe kabla Yustina hajawasimulia, maana yeye huongeza chumvi, na hiki kisa kina chumvi ya kutosha.

Mnaonifahamu mnajua nina kundi la mtandaoni linaloitwa Wapekuzi. Kazi yetu ni kukamata makosa kwenye Mgomba Mmoja, ile katuni ya vichekesho ya runinga kuhusu familia ya milimani inayogombania mgomba mmoja tangu sehemu ya kwanza. Mbuzi anaingia jikoni akiwa mweupe, anatoka na madoa. Mama Konsolata anaanza kufoka akiwa na kanga ya bluu, anamaliza akiwa na ya njano. Saa ya ukutani imeganda kwenye saa kumi na dakika kumi, hata wakati wa chai ya asubuhi. Mimi ndiye ninayeyapanga makosa hayo kwa utaratibu. (Ndiyo, nina kazi. Ndiyo, mimi ni mtu mzima. Tuendelee.)

Leo nilikuwa nakwenda kuonana na kina Yustina kwa mara ya kwanza. Njiani Yustina, mchumba wangu, akanipa maelekezo.

"Deo, baba hana shida. Mama hana shida. Mwenye neno ni mjomba. Anatoka Matombo leo kwa ajili yako. Akikukubali, unatuma washenga. Akikukataa, basi. Hakuna rufaa."

"Nimeelewa."

"Salimia, kula unachopewa, nyamaza."

"Nimeelewa."

(Hilo la mwisho sikulielewa.)

Tulimkuta baba yake Yustina ametoka kwenye kabichi zake, ananawa miguu. Nikamwamkia, akaitika kwa bashasha, akatukaribisha ndani. Yustina akapitiliza jikoni kumsaidia mama yake. Mzee akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Sebuleni palikuwa na benchi, mkeka, na kochi moja zuri lililofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kuanzia mgongoni hadi kwenye kikalio. Nikatafakari. Mzee amejibana kwenye kigoda, kochi liko tupu. Maana yake ni nini? Ameniachia mgeni. Heshima iliyoje! Nikakaa.

Mzee akainua mkono. "Mwanangu, hilo kochi..."

"Zuri sana, baba," nikamwambia. "Linakumbatia."

Akashusha mkono. Akatazama mlangoni.

Runinga ilikuwa inawaka. Na kilichokuwa kinaonyeshwa, kwa bahati yangu mbaya, ni marudio ya Mgomba Mmoja.

Je, ningeweza kunyamaza? Nimelitafakari swali hilo njia nzima ya kurudi mjini. Ningeweza.

"Baba, mwangalie huyo mbuzi," nikaanza. "Ameingia mweupe. Subiri atoke."

Mbuzi akatoka na madoa.

"Hata wa kwetu akigaagaa kwenye majivu anatoka hivyo," akasema mzee.

Sikumbishia. (Mashabiki daima hutetea.) Nikahamia kwenye siri za utengenezaji, eneo ambalo najiona bingwa. Nikamweleza kwamba ile sauti ya mvua ni mchele unaopepetwa kwenye ungo. Nikamweleza kwamba wanarekodia kwenye chumba kilicho nyuma ya saluni huko Msamvu, ndiyo maana kwenye sehemu ya msiba ukitega sikio unasikia mashine ya kukaushia nywele. Kisha nikatoa ile ninayoipenda kuliko zote.

"Na kile kikohozi cha Mjomba kwenye katuni, baba, si cha mtu. Ni pikipiki kuukuu inayokataa kuwaka. Nimefanya utafiti."

"Umefanya utafiti," mzee akarudia taratibu.

"Wa kina."

Hapo kikohozi kikasikika. Kilianzia chini, kikakwama, kikaanza upya, kikamalizia kwa mluzi mwembamba. Ni kile kile! Nikatazama runinga. Kwenye runinga alikuwepo mbuzi peke yake.

Kikohozi kilitoka nje.

Akaingia mzee mrefu, viatu vimejaa tope la safari, mkungu wa ndizi begani. Nikainuka nusu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa, kaa, mwanangu."

Mtu aliyelelewa vizuri anajua "kaa" ya namna hiyo ni ya adabu tu. Mkubwa akikwambia kaa, unampisha kwanza. Mimi pia nimelelewa vizuri. Nikakaa. Palepale.

Mjomba akatua mkungu, akabaki amesimama. Akalitazama benchi. Akamtazama shemeji yake. Shemeji yake akatazama dari. Mama yake Yustina akatokea na sinia la ugali, akaona hali ilivyo, akageuka na sinia lake. Nikamsikia Yustina jikoni: "Amekaa wapi?"

"Nilikuwa nakusikia tangu uani," mjomba akaniambia. "Unaijua sana hiyo katuni."

"Kiasi, mjomba."

"Haya. Kosa lao kubwa kuliko yote ni lipi?"

Ndugu zangu, hilo ni swali nililosubiri kuulizwa maisha yangu yote.

"Kochi, mjomba!" nikasema. "Nyumba ile ina kochi moja zuri, lenye kitambaa. Kila siku liko tupu, na baba mwenye nyumba kajikunyata kwenye kigoda. Anayelikalia ni Mjomba tu, tena anatoka huko mbali. Wachoraji hawajui mkubwa wa nyumba ni nani. Kwetu Kagera hata mtoto wa darasa la kwanza hawezi kukosea hivyo!"

Mbuzi akalia kwenye runinga.

Wa kwanza kushindwa kujizuia alikuwa baba yake Yustina. Kicheko kilianzia mabegani.

"Mwanangu," akasema akifuta macho, "mimi hapa ni mume tu. Shamba hili ni la ukoo wa mama yake Yustina. Mkubwa wa ukoo ndiye huyo uliyemsimamisha."

Nikamtazama kwenye kigoda chake. Nikamtazama mjomba, wima. Nikatazama saa ya ukutani: imeganda kwenye saa kumi na dakika kumi, na chakula cha mchana hakijaliwa. Mwisho kabisa, kwa utaratibu wangu, nikatazama nilichokalia.

Nikaruka. Kitambaa nacho kikaruka. Kifungo cha mfuko wa nyuma wa suruali kilikuwa kimenasa kwenye nyuzi zake. Mimi sikujua. Nikainama kwa heshima, mikono kifuani. "Mjomba, nisamehe." Nikageuka. "Baba, nisamehe." Kila nilipogeuka, kitambaa kiligeuka. Mama aliyekuwa amerudi na sinia alilazimika kuliweka chini.

"Yustina!" mjomba akaita. "Njoo umwone mchumba wako, ameota mkia!"

Yustina akaja kuninasua, hawezi hata kushika kifungo kwa kucheka. Ndipo mjomba akanieleza kwamba anayechora katuni hiyo ni mpwa wake Prosper, na kwamba kikohozi kile ni chake mwenyewe: Prosper alimrekodi kwa simu siku aliyokuwa na mafua. "Pikipiki!" akasema, akakohoa tena.

Nikamgeukia Yustina. "Uliniambia ndugu yako Prosper anafanya kazi ya kompyuta!"

"Kwani anachora kwa mkaa?"

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia unyamaze."

Mjomba akaketi kwenye kochi lake. Baba yake Yustina akahamia kwenye benchi, akanisogezea kigoda. "Zoea," akaninong'oneza.

Tukala. Hamu ya chakula sikuwa nayo, nilikuwa nasubiri hukumu. Mjomba akanawa, akanigeukia.

"Makosa ya wenzako unayaona vizuri," akasema. "Tuma washenga. Siku utakayokuja nao, tutaangalia utakaa wapi."

Nikamtazama Yustina kuuliza kama hiyo ni ndiyo. Akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. (Ya kicheko.)

Kisha mjomba akampigia Prosper, simu ikiwa kwenye spika, akamsimulia yote mbele yangu. Prosper hakucheka hata kidogo. Aliuliza swali moja tu, kama fundi anayechukua vipimo: "Kitambaa kilining'inia upande gani?"

Kwa hiyo nawaomba, sehemu hiyo ikionyeshwa, msicheke. Ni kushoto. Wakikichora kulia, nitaandika.