Kurumbiza wa Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: yule kurumbiza wa kijani anayelia kichakani nyuma ya nyumba ni mimi.

Ndege mwenyewe amebaki kiduchu duniani. Wa kweli nilimsikia mara moja tu, mwaka juzi. Sasa mjomba anataka kufyeka kichaka aoshee magari pale. Mimi nitajificha wapi wageni wakija? Basi nikapiga mluzi. Dada, mwenyekiti wa klabu ya mazingira, aliruka kama amekanyaga kaa la moto. Ameshamwita mtafiti wa ndege!

Jumatano, 5 Machi

Mtafiti amefika, buti na darubini. Anasema majani yakifunga hivi, ndege huhesabiwa kwa sikio. Safi! Nikalia huku, nikatambaa, nikalia kule. Siafu wakaingia kwenye suruali. Nikalia kwa hisia zaidi.

Amehesabu tisa! Mjomba amenuna. Eti wote tisa wanakaa kwake na hakuna hata mmoja anayelipa kodi.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Wa kweli amekuja! Akatua kwenye tawi juu yangu, akaniangalia kama mwenye nyumba anayemwangalia mpangaji. Kisha akalia. Vibaya, jamani! Anapandisha sauti pale mimi ninaposhusha. Na mtafiti alikuwa anasikiliza.

Ijumaa, 7 Machi

Mtafiti ametangaza sebuleni: tisa ni halisi, ila wa kumi ni mtu anayepiga mluzi. Asipopatikana, ripoti haiendi, na mjomba yuko huru kufyeka. Mama akanitazama mimi. Dada akacheka, eti huyu hata shikamoo anainong'ona! Nikataka kukiri. Nasoma kwa lugha mbili, na zote mbili zikaniganda mdomoni.

Jumapili, 9 Machi

Mtafiti anarudi leo. Asubuhi alimwambia mama kwenye simu kwamba hata ndege mmoja wa kweli angetosha, kichaka kisingeguswa.

Mmoja! Na tunaye! Kumbe ninachotakiwa ni kufunga mdomo tu.

Nimewaza mpaka kichwa kikauma. Jibu nimelipata: nimfundishe kulia vizuri, asidhaniwe tena kuwa mtu.

Nimefungua dirisha, nikampigia mluzi. Ameingia! Amekaa juu ya kabati na ameshachafua sare yangu. Somo la kwanza, anapandisha tena. Mkaidi huyu! Nimemwonyesha upya, kwa sauti kubwa.

Koridoni dada anauliza nani anapiga mluzi humo ndani. Buti zinamfuata. Shajara naisukuma chini ya godoro. Ndege sasa, nimsukume wap