Saini ya Marehemu Veneranda

Jumatatu, 9 Juni

Leo nimeanza kuwa tajiri. Veneranda, mke wangu, ameondoka alfajiri kwenda Kalinzi kumwangalia mpwa wake aliyejifungua. Hadi Ijumaa! Na simu kaisahau kwenye chaji. Mungu akitaka kukupa hakuletei barua.

Mpango ni huu. Nauza nyumba yetu hii ya Buzebazeba kwa Dismasi, muuza saruji wa Kasulu, ambaye ana haraka na anataka tumalizane wiki hii. Kisha nanunua kiwanja Kidahwe, ubavuni kwa Wilfred, kaka yake Veneranda, nijenge nyumba ya kumzidi kimo. Tangu aweke vigae barazani, Wilfred ananiita shemeji wa bati kuukuu. Mbele za watu! Veneranda nitamweleza tukishahamia. Atashukuru.

Sina hofu hata kidogo. Kwenye hati kuna jina moja, nalo ni langu, Gervasi. Kwamba matofali yalitokana na mawese anayouza yeye sokoni, hati haisemi.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa wakili. Anaitwa Evaline, mama wa kutoka Mbeya, mpole, miwani mikubwa. Akasoma hati, akanisifu kwa kuitunza vizuri. Nikavimba kichwa. Kisha akauliza kama nina mke.

Kumbe hata jina langu lingeandikwa mara mia, hii ni nyumba ya ndoa. Haiuziki bila ridhaa ya mwenza. Inatakiwa saini yake, picha yake, na yeye mwenyewe aje aulizwe kama ameridhia. Aje aulizwe! Veneranda ninayemjua mimi?

Nikaanza kusema sijaoa. Nikaona macho ya wakili yapo kwenye pete yangu. Pete hii haitoki, kidole kimenenepa kwa ugali wa muhogo wa Veneranda huyohuyo. Ikabidi niwe mgane. Wakili akanipa pole, akaomba cheti cha kifo.

Hapo akili yangu ikafanya kazi. Mtu aliyekufa zamani lazima cheti chake kiwepo. Aliyekufa jana, cheti bado kinashughulikiwa. Nikasema mke wangu amefariki jana, huko Kalinzi. Nikatoa na chozi. Wakili akasema basi tusubiri cheti, halafu tutazungumza habari za mirathi ya sehemu yake. Mambo madogo.

Karani wake, Shadia, binti wa Ujiji, alikuwa pembeni anachapa. Akaacha kuchapa, akashika kichwa. Binti ana huruma sana yule.

Jumatano, 11 Juni

Mtu mwenye akili angekumbuka kwamba aliyekufa juzi ana msiba leo. Mimi sikukumbuka.

Saa moja asubuhi nafungua mlango nimwage maji, nakuta turubai uani. Akina mama wa jumuiya ya kanisa wanapanga mafiga. Majirani zetu Waislamu wameleta mikeka na masufuria makubwa. Vijana wanashusha kuni. Mzee Leodgar, mwenyekiti wa mtaa, akanishika mkono akaniambia nimekosea sana kujifungia na uchungu peke yangu. Bahati kuna Shadia, vinginevyo wasingejua. Buzebazeba, akasema, mtu hafiwi kimyakimya.

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Akina mama wakadhani nataka kulia, wakaanza wao. Vilio vile! Nikalia na mimi. Nililia kwa hofu, lakini nani angejua?

Adhuhuri akaja Wilfred kutoka Kidahwe. Hakuamini. Akapiga simu ya dada yake, na simu ikaita mfukoni mwangu. Nikasema naitunza kama kumbukumbu. Akanikumbatia. Miaka kumi na tisa hajawahi kunikumbatia. Akasema dada yake alipata mume mwema. Nimejisikia vibaya kweli, na pia nimefurahi kidogo.

Kisha akauliza mwili uko wapi. Nikasema uko njiani, unatoka Kalinzi.

Alhamisi, 12 Juni

Mwili umefika saa nane mchana, juu ya bodaboda, umepakata gunia la maharage.

Hakutarajiwa kabla ya kesho. Kumbe alishindwa kukaa bila simu. Nilitaka kumuwahi barabarani, sikuwahi. Veneranda aliona turubai kwake, akaona wanawake wamejifunga kanga, akaruka kabla pikipiki haijasimama. Maharage yakamwagika yote. Akaja anakimbia, analia kwa Kiha, anaita jina langu. Anasema Gervasi wangu, umeniachaje, hata kuningoja hukuningoja.

Alidhani ni mimi. Sijawahi kusikia jina langu likiitwa vile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya turubai na sahani ya ubwabwa mkononi, nikatamani kweli ningekuwa nimekufa, angalau nistahili kile kilio.

Ndipo waombolezaji wakamwona waliyemlilia siku mbili. Wakatawanyika hao! Kandambili zimebaki uani mpaka sasa, hazina wenyewe. Mzee Leodgar hakukimbia, maana mwenyekiti hakimbii, ila alikamata kiti kwa mikono miwili. Wilfred alizirai. Hapo nilitaka kucheka, nikajizuia.

Veneranda aliniona. Akanishika uso kuhakikisha ni mimi, akanipapasa mpaka masikio. Akauliza nani amekufa. Wakili Evaline alikuwa amekuja na Shadia kutoa pole, masikini, na sukari kilo mbili. Akauliza jina la huyu mama. Alipotajiwa, akavua miwani, akaeleza yote: nyumba, mnunuzi, saini, cheti. Anaeleza vizuri sana yule mama. Hakuna aliyeomba arudie.

Nilisubiri nipigwe na mwiko. Veneranda hakupaza hata sauti. Alisema tu, "Nimekulilia toka barabarani, Gervasi. Wewe umenizika kwa ajili ya saini."

Niliinama nikaanza kuokota maharage, moja moja.

Ijumaa, 13 Juni

Watu walirudi mmojammoja wakala chakula cha msiba. Veneranda aliwaita mwenyewe, alisema hawawezi kuondoka kwake na njaa. Mimi nilipewa ukoko.

Nyumba ipo, na mke bado yumo ndani yake, ila kwa masharti. La kwanza, asubuhi tumekwenda kwa wakili, jina lake linaingizwa kwenye hati pamoja na langu. Wakati tunasubiri, zuio linapelekwa kwa msajili wa hati, nisiweze kuuza hata bati moja. Dismasi ameshanunua nyumba nyingine, ya mtu ambaye mke wake yuko hai na alikuja mwenyewe kusaini.

La pili, nimepewa brashi na rangi nyekundu, nimeandika ukutani kwa mkono wangu: NYUMBA HII HAIUZWI. Wilfred alitoa kiti nje akakaa kutazama. Akasema mstari umepinda. Habari za kukumbatiana zimekwisha.

La tatu, nimeapa mbele ya Mzee Leodgar kwamba sitamuua tena Veneranda wala binadamu mwingine yeyote aliye hai. Nimeapa kwa moyo wote. Nililia, na safari hii haikuwa hofu.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya misa Veneranda ameniwekea samaki, mgebuka mzima. Alichagua yule mkubwa. Nimekula nikiona haya. Mwanamke huyu anastahili nyumba nzuri. Anastahili vigae. Anastahili Kidahwe, ghorofa moja juu ya Wilfred. Na kiwanja, nimeulizia, bado kipo.

Nimekumbuka kile kibanda cha baba kule Ujiji. Hati ni ya baba, na baba amefariki kweli, cheti kipo sandukuni. Mama naye alishatangulia. Hakuna mwenza wa kuulizwa chochote! Kinachosumbua ni dada yangu Marcelina na mdogo wangu Telesphory, walioko Kasulu, kwa sababu wakili lazima atauliza warithi wako wangapi. Kesho naenda kwa wakili mwingine, mwanamume, asiyevaa miwani.

Kiapo ni kiapo. Sitawaua. Nitasema hawakuzaliwa.