Pumba Ndani ya Uji wa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mama hajapata choo, siku ya tano. Tangu Baba afe, miezi miwili sasa, anakula mkate mweupe na uji wa unga uliokobolewa. Basi. Tabibu kasema utumboni wanaishi bakteria wema, na chakula chao ni nyuzinyuzi: maharage, mboga, nafaka isiyokobolewa. Bakteria wenye njaa, ndani ya Mama! Mzazi mmoja ameshakwenda. Nimembembeleza ale maharage. Akajibu aliyekuwa akiyachambua hayupo, nimwache.

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua pumba za ngano. Nitazitia kwenye uji, kwa siri. Dada akasema si umwambie tu, wewe na siri zako za masjala. Wivu! Tabibu alisema tuanze na kijiko kimoja, na maji mengi. Lakini wiki nane zimepotea. Kazini kwangu masjala, majalada yakirundikana, tunayamaliza siku hiyo hiyo. Nimetia vikombe viwili.

Jumatano, 5 Machi
Ole wangu! Tumbo la Mama limejaa gesi, gumu kama ngoma. Amelia akimwita Baba. Tabibu kaniuliza kama namlisha mzazi au nafuga kuku. Bakteria huzoezwa polepole, kasema. Dada kapita na ndoo bila kunitazama. Heri angenitukana.

Alhamisi, 6 Machi
Mama hapokei chakula kutoka mkononi mwangu. Hata maji anayanusa kwanza. Kazini nimejigonga muhuri wa IMEPOKELEWA kwenye kiganja. Hautoki.

Jumamosi, 8 Machi
Dada kamwekea Mama ungo wa maharage mapajani, akaendelea na kazi zake. Mama akaanza kuchambua. Akasema marehemu kila mara aliacha kijiwe kimoja, kisha akajifanya kushangaa kikimgonga jino. Akacheka. Akalia. Akala vijiko vitatu! Kisha akaniita: mwanangu, ungeniambia tu, ningekula, njoo ukae hapa, kwenye kigoda cha baba yako. Nilitamani. Nikasema nina kazi ya ofisi.

Jumapili, 9 Machi
Mama kapata choo! Dada anatembea kama kachaguliwa mbunge. Leo tena vijiko vitatu, kesho vinne, eti. Konokono! Kigoda cha Baba bado kitupu. Mama kauliza kazi ya ofisi inaisha lini. Karibu, nimemwambia. Nipo jikoni, mlango nimefunga. Nimesaga dengu mpaka zimelainika kama vumbi. Nazichanganya kwenye mkebe wa sukari ya uji wa Mama.

Hatajua.