Shikamoo, Papa

Jamani, leo nimeaibika. Tena si aibu ndogo ya kujikwaa sokoni. Nimeaibika mbele ya wazee, mbele ya wanawake, mbele ya bakuli la mchuzi!

Mwalimu Mutua, barua hii utawasomea wewe hapo mkahawani. Unajua Kisomali chetu hakiandikwi, na hao rafiki zangu ukiwapa karatasi wanafungia majani ya chai. Soma polepole. Ukifika pale pa kucheka, jikaze.

Nipo Kipini. Ndiyo, Kipini, pale mto wetu Tana unapoingia baharini. Mnajua kilichotuleta. Kaka yangu Yusuf aliwahi kuleta madume ya ng'ombe huku kuuza, kabla ya vita hivi, akamwona binti mmoja, Amina. Tangu siku hiyo hana kazi nyingine ila kuhema. Baba yake Amina, Mzee Athman, hakukataa posa. Alituma neno tu: "Njooni niwasikie kwa masikio yangu. Nyakati hizi simpeleki binti yangu kwa watu nisiosikilizana nao."

Kusikilizana! Yaani ndoa ya Yusuf imening'inia kwenye ulimi. Na ulimi wenyewe ni wa nani? Yusuf akimwona Amina husahau hata Kisomali. Adeer Hassan, baba yetu mdogo, Kiswahili chake ni "jambo" na "ng'ombe". Nimebaki mimi, Bishar. Mimi ninayezungumza na wanunuzi kutoka bara mpaka wanasahau walikuja kwa bei gani. Mimi niliyesoma masomo ya jioni kwa Mwalimu Mutua mwenyewe! Nilikubali kabla sijaombwa. (Mnanijua.)

Kasoro ilikuwa moja. Mwalimu aliniambia, "Bishar, Kiswahili chako kizuri, lakini herufi P umeizika. Unasema 'bole', unasema 'bwani'. Huko watakucheka." Akawasha kijiti cha kiberiti akakisogeza mdomoni kwangu. P ikitoka sawasawa, moto unazimika. B ikitoka, unabaki unawaka na kukuchoma kidole. Nilijizoeza mpaka nyusi zikaungua. Nikashinda! Pole. Pwani. Pilipili. Moto fuu!

Hapo ndipo shetani aliponipata. Nilijiambia: ikiwa B zangu nyingi zilikuwa P zilizopotea, basi huenda zote ni P zilizopotea. Nikaanza kuzirudisha. Mwalimu sikumuuliza. Mtu hodari anauliza nini?

Tuliondoka na lori, nyuma ya magari ya askari. Njia nzima nilikuwa nikijisemea, "Pole, pwani, punda," mpaka jirani yangu akafuta shavu lake kwa kikoi. Kwenye kizuizi askari mmoja akatutazama sote watatu, akarudia kututazama. Akachukua pasi yangu.

"Unakwenda wapi?"

"Kipini, afande. Pwani. Kwa posa."

Zote zilitoka! Safi kama risasi. (Samahani, neno hilo si la kutaja karibu na kizuizi.) Askari akanitazama mdomo.

"Msomali gani wewe unayesema 'posa'?"

"Wa Garissa, afande," nikasema, kifua mbele.

Akacheka, akanirudishia pasi. Yusuf alinishika bega. Wallahi nilijiona nimevusha msafara mzima peke yangu.

Tukafika. Mji mkongwe huu, jamani, una heshima yake. Nyumba za mawe, msikiti wa zamani, mitumbwi imepangwa ukingoni. Lakini tulipoingia na vilemba vyetu, mlango mmoja ukafungwa. Halafu mwingine. Mtoto akalitamka lile neno wanalowaita waasi wa vita hivi, "shifta", mama yake akamziba mdomo. Iliniuma. Mtu umekuja kwa posa, umebeba kanzu mpya ya baba mkwe, unatazamwa bunduki umeficha wapi. Nikaapa moyoni: leo watu hawa watatusikia.

Mzee Athman alikuwa barazani. Mvuvi, mrefu, meno yote bado anayo, na akinyamaza unayaona vizuri zaidi. Pembeni yake dada yake, Bi Khadija. Nikasogea. Nikavuta pumzi.

"Shikamoo, PAPA!"

Mzee akakawia. "Marahaba... Ati nani?"

Nikaona hajanisikia vizuri, masikio ya uzee. Nikaongeza sauti. "Papa! Sisi ni ndugu zenu wa Garissa. Tumekuja kwa heri na paraka. Tunaomba pinti yenu, Amina, awe mke wa kaka yetu."

"Pinti," Mzee akasema polepole. Akamtazama Bi Khadija. Bi Khadija akajiziba mdomo kwa leso, mabega yakimcheza. Nikajua amelemewa na ufasaha.

"Posa haizungumzwi na watu wenye njaa," Mzee akasema. "Chakula kinaiva. Twendeni mkauone mji."

Akatuzungusha huku akisimulia. Hapa palikuwa na nyumba ya serikali ya Wazungu. Huu msikiti, babu yake babu yangu aliukuta umesimama. Pale maji matamu yanakutana na maji chumvi. Alikuwa anajivuna, na haki anayo. Lakini na mimi nilizaliwa Garissa, sikunyamaza.

"Mashallah, papa. Na mto huu unapita kwetu kwanza. Tunakunywa sisi, wanakunywa ng'ombe wetu, tukitosheka ndipo tunawaachia nyinyi."

Mzee akasimama. "Kwa hiyo sisi tunakunywa mabaki ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe wa Garissa, papa!"

Akatabasamu. Mara ya kwanza! Nikamfasiria Adeer, naye akatikisa kichwa kwa fahari kama aliyeuchimba mto mwenyewe.

Tukapita vijana wawili wanashona nyavu. Nikasema tena kitu, "papa hiki, papa kile," wakatazamana. Mmoja akasema, "Leo Papa kapanda nchi kavu!" Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka, nisionekane mgeni. Mzee hakucheka. Tabasamu lake likaondoka lote. Tukarudi nyumbani.

Tukanawa, tukakaa mkekani. Wali wa nazi unafuka. Bi Khadija akaweka bakuli lililofunikwa.

"Karibuni. Papa wa nazi huyo."

Nikamtazama Mzee. Papa wa nazi? Labda ana mashamba ya minazi, nikafikiri, ni cheo chake.

"Mleni papa kabla hajapoa," Bi Khadija akaendelea. "Huyu papa alisumbua! Alinaswa mlangoni mwa mto, ikabidi apigwe rungu la kichwa ndipo atulie."

Nikamtazama tena Mzee. Hana hata uvimbe.

Bi Khadija akafunua bakuli. Samaki! Minofu mikubwa imelala kwenye tui.

"Huyu ndiye... papa?" nikauliza.

"Ndiye. Samaki mwenye meno. Kwani Garissa hamna?"

Ya Rabbi! Nimemwamkia mzee wa watu "Shikamoo, samaki". Nimemwita samaki mlangoni kwake, nimemwita samaki msikitini, nimemtembeza samaki mji mzima mbele ya wenye nyavu!

Adeer akaniinamia. "Mbona unatoka jasho?" akauliza kwa Kisomali.

"Chakula cha moto, Adeer."

"Hujala bado."

Nikajituliza. Bishar, nikajiambia, hakuna kilichoharibika. Mzee ni baba. Samaki ni papa. Baba mzee, papa samaki. Kula, nyamaza, halafu umwombe radhi vizuri.

Sasa kula kwenyewe. Kwetu mtu akionekana anakula samaki, watu humuuliza ng'ombe wake wamekufa lini. Adeer alikuwa ameshajisogezea wali mtupu. Yusuf alikuwa anatazama pazia la chumba cha ndani, hana habari ya dunia. Lakini Mzee alikuwa ananitazama mimi, mkono wangu. Nikikataa chakula chake nimekataa nyumba yake. Nikafumba macho, nikatia mdomoni.

Jamani! Kitamu! Nazi, ndimu, pilipili, nyama laini haina hata mwiba. Furaha ikanipanda kichwani, na mimi nikifurahi mnanijua, sinyamazi.

"Wallahi baba mtamu!" nikapaza sauti. "Sijawahi kumla baba mtamu namna hii! Bi Khadija, nikatie baba tena, hapo mgongoni!"

Mzee Athman akarudisha tonge lake sahanini. Yusuf, ambaye Kiswahili kidogo anakisikia, akainamisha kichwa.

"Kijana," Mzee akasema.

"Naam, papa." (Niueni.)

Akainua kipande cha samaki, akakileta mbele ya pua yangu. "Huyu nani?"

"Baba."

Akajigusa kifua. "Na mimi?"

"Papa."

"Ngoja. Taratibu. Huyu?"

Nilikuwa najua! Kichwani nilikuwa najua kabisa! Lakini midomo ilikuwa imekwisha kuapa njia yake. "Pa... ba... baba."

Bi Khadija akaanguka ubavu, leso huku, yeye kule. Nyuma ya pazia kukatoka kicheko cha msichana, chembamba, cha kukata pumzi. Yusuf akainua kichwa haraka. Adeer akauliza wanacheka nini. Nikamwambia wamependa salamu zetu.

Mzee peke yake hakucheka. "Mji huu," akasema, "unaniita Papa nikiupa mgongo. Kwa sababu ya meno haya. Hakuna aliyethubutu kuniita mbele ya uso wangu. Sasa anakuja mtu kutoka Garissa, anaomba binti yangu, ananiita hivyo mlangoni kwangu, tena kwa sauti. Nani kawatuma mnicheze shere?"

Hapo jasho likawa baridi. Niliiona ndoa ya Yusuf inaondoka, mimi ndiye niliyeifungulia mlango. Nikaona hata sisi watatu tukifukuzwa njia nzima, na ile milango iliyofungwa ikisema, tulijua. Kiburi changu chote nikakiweka mkekani pale.

Nikamweleza. Habari za Mwalimu Mutua, kijiti cha kiberiti, nyusi kuungua. Nikamwambia sisi kwetu P haipo, hatukuzaliwa nayo. Nikamwambia niliogopa tusiposikika tutaonekana watu wabaya, ndiyo maana nikazirudisha P zote, kumbe nyingine hazikuwa zimepotea. Sikuchagua maneno. Sijui hata B zilikaa wapi na P wapi.

Mzee akaomba kiberiti. Akawasha kijiti, akakishika mbele ya mdomo wangu. "Sema samaki."

"Papa."

Moto fuu! Hatimaye! Akawasha kingine. "Sema mimi."

Nikakazana. Nikayakaza mpaka masikio. "PAPA!"

Fuu.

Basi. Kicheko kilianza kwenye ndevu, kikashuka tumboni. Mzee Athman alicheka mpaka akashika nguzo. Akafuta macho. Akajaribu kusema, akamwona Bi Khadija, wakaanza upya wote wawili.

Alipopata pumzi akanishika mkono. "Umepigana na ulimi wako kutoka Garissa mpaka hapa, ili mimi nikusikie?"

"Ndiyo, mzee." (Neno salama hilo! Lilikuwepo siku zote!)

"Nyakati hizi vijana wanajifunza kulenga shabaha. Wewe umekaa ukajifunza P." Akamgeukia Yusuf, halafu akamtazama Adeer, mzee kwa mzee. "Nimewasikia. Binti ni wenu, kama mwenyewe anaridhia."

Bi Khadija akaingia ndani kumuuliza Amina. Hakukawia. Akatoka anapiga vigelegele.

Nikamfasiria Adeer. Machozi yakamlengalenga, akayaficha kwa kilemba. Akaniambia, "Nilijua. Kiswahili chako hakina mfano." Sikumsahihisha. Na nyinyi msimsahihishe.

Sasa hivi nawaandikia nikiwa barazani kwa Mzee. Milango ya mtaa iko wazi. Habari imeshafika kila mahali, mpaka kwa wale wenye nyavu. Kila anayepita anasimama ananiamkia mimi, "Shikamoo, Papa!" na Mzee Athman ndiye anayecheka kuliko wote, maana jina limehama kwake. Nami naitikia, "Marahaba," kifua mbele.

Basi nikirudi Garissa msinicheke. Niamkieni tu kama wanavyoniamkia Kipini, kama kuna hata mmoja wenu hapo mkahawani, ukimwacha Mwalimu, anayeweza kulitamka.